Afisa wa Watoto Anapobisha Hodi: Tathmini ya Familia Iliyoungana Upya Baada ya Talaka

(Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi wa Bukhayo na mpakani, kutoka Nambale na Matayos hadi Busia na Malaba)



Mada ya leo inagusa nyumba nyingi za hapa, ingawa huzungumzwa kwa sauti ya chini. Ndoa imevunjika. Mmoja ameoa tena, mwenzake ameolewa kwingine. Watoto wa ndoa ya kwanza sasa wana mama wa kambo huku na baba wa kambo kule, na wanaambiwa waite ndugu watoto ambao hawakuwajua mwaka jana. Kisha wazazi wanashindwa kuelewana watoto wakae wapi. Kesi inafika mahakamani, hakimu anaagiza ripoti, na siku moja afisa wa watoto anabisha hodi akiwa na daftari mkononi.

Hapo hofu huingia. Godoro linaazimwa kwa jirani. Mtoto anafundishwa la kusema. Mume mpya anaombwa aende kwa kakake mpaka mgeni aondoke. Yote haya hufanywa kwa mapenzi ya mzazi, na hakuna hata moja linalomsaidia mtoto.

Jambo kuu la mazungumzo haya ni hili. Tathmini ya afisa wa watoto si shindano la nani ana nyumba nzuri, wala si kesi ya pili ya nani aliyeivunja ndoa. Afisa anatafuta kujua siku ya mtoto ilivyo, tangu anapoamka hadi anapolala, na ni nani aliye karibu naye katika saa hizo zote. Mzazi anayeficha nyumba yake anamnyima hakimu nafasi ya kuyaona maisha ya mtoto wake.

Sheria inavyosema

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inasema kuwa kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Maneno hayo ya mwisho yana uzito hapa kwetu, kwa sababu wengi hutengana bila kufika mahakamani kuomba talaka. Mke hurudi kwao, mume hubaki na boma, na kila mmoja huanza upya. Kuvunjika kwa ndoa, kwa hati au bila hati, hakumalizi wajibu wa mzazi.

Kifungu hicho hicho kinasema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, imeyaeleza maslahi hayo kwa undani. Jedwali lake la Kwanza linaorodhesha mambo ya kuangaliwa. Kuna umri wa mtoto, ukuaji wake na mahitaji yake ya kipekee kama ana ugonjwa wa kudumu au ulemavu. Kuna muda ambao ameishi anapoishi sasa, na faida ya kutoyavuruga maisha aliyoyazoea. Kuna alivyozoeana na nyumba, shule na jamii yake. Kuna uwezo wa kila mzazi kumruhusu mtoto aendelee kumwona mzazi mwingine. Kuna historia ya vita au dhuluma nyumbani. Na kuna uhusiano wa mtoto na wazazi wake pamoja na watu wengine wanaoweza kuyagusa sana maisha yake.

Hao watu wengine ndio kiini cha familia iliyoungana upya. Mke mpya, mume mpya, watoto wao na nyanya anayeishi nyuma ya nyumba wote wanaingia hapo. Sheria inataka waonekane. Kuwaficha ni kuacha sehemu ya picha ikiwa tupu, na afisa atajiuliza kwa nini iko tupu.

Nani hufanya tathmini

Wakaazi wengi huenda ofisi za kaunti kutafuta ripoti ya watoto, kisha hurudi wamekasirika wakidhani wanazungushwa. Ni vyema ieleweke. Maafisa wa watoto wako chini ya Idara ya Huduma za Watoto, ambayo ni ya serikali ya kitaifa, na ofisi zao ziko katika kaunti ndogo. Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ina jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo kaunti haiandiki ripoti hiyo, lakini mwalimu wa chekechea, ambaye ni mfanyakazi wa kaunti, mara nyingi ni mmoja wa watu wa kwanza kuulizwa. Rejista yake huonyesha mtoto alifika siku gani, na yeye mwenyewe anajua nani huja kumchukua.

Hakimu akiagiza ripoti, afisa husoma kwanza maelezo ya pande zote mbili yaliyowasilishwa mahakamani. Kisha huzungumza na kila mtu mzima peke yake. Hutembelea nyumba zote mbili. Huzungumza na mtoto. Hufika shuleni, huangalia kijitabu cha kliniki kama mtoto ni mdogo, na anaweza kumuuliza chifu au mzee wa mtaa. Mwishoni huandika alichokiona na anachopendekeza.

Mfano wa familia moja

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue mfano wa kubuni. Familia hii haipo, lakini mambo yake yapo.

Baba ni dereva wa lori la masafa marefu. Hutoka Mombasa na mzigo, hupanga foleni Malaba, huvuka hadi Kampala na kurudi. Nyumbani kwake ni Nambale. Alioa, akapata watoto wawili: msichana ambaye sasa ana miaka 11 na mvulana wa miaka 5 aliye chekechea. Ndoa ikavunjika. Watoto walibaki kwa baba. Baba akaoa tena, na mke mpya amezaa mtoto ambaye ndiyo kwanza anatembea.

Mama wa watoto anauza mitumba mjini Busia. Ameolewa na mwanamume anayeishi ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, mwenye watoto watatu wa ndoa yake ya kwanza. Mkubwa ni mvulana wa miaka 16. Nyumba yao ina vyumba viwili.

Mama amefungua kesi. Anasema, “Watoto wangu wanalelewa na mwanamke mwingine huku baba yao akiwa barabarani.” Baba anajibu, “Anataka kuwapeleka watoto wangu nchi nyingine, kwenye nyumba ya mwanamume mwingine.”

Wote wawili wanasema kweli. Ila hakuna kati yao aliyeeleza watoto wanavyoishi. Kila mmoja amemtaja mtu asiyempenda, akaishia hapo. Kazi ya afisa inaanzia pale maneno yao yanapoishia.

Kinachoangaliwa nyumbani

Nambale, afisa anaanza na maswali madogo. Nani huwaamsha watoto? Nani hupika uji? Mvulana anapelekwa chekechea na nani? Akiugua usiku, nani humpeleka zahanati? Majibu yote yanaelekea kwa mama wa kambo. Mwalimu wa chekechea anathibitisha. Mvulana hufika akiwa safi, ameshiba, na anapochukuliwa jioni humkimbilia mama huyo. Hayo yanaandikwa.

Katika shule ya msichana, rejista inaonyesha jambo jingine. Kila Jumatatu na Alhamisi anachelewa. Mwalimu alidhani ni uvivu. Afisa anauliza nyumbani, na inajulikana kuwa siku hizo mama wa kambo hutoka alfajiri kwenda sokoni, na msichana ndiye anayebaki kumvalisha mtoto mchanga na kumpeleka kwa jirani kabla ya kwenda shule. Hapa hakuna ukatili. Kuna mama aliyeachwa na watoto watatu, biashara na mume aliye safarini, naye ameegemea mkono ulio karibu. Lakini mkono huo ni wa mtoto wa miaka 11, na masomo yake yanaumia. Hilo nalo linaandikwa, pamoja na sababu yake, kwa kuwa jambo lenye sababu inayojulikana linaweza kurekebishwa.

Ng'ambo ya mpaka kuna swali la malazi. Vyumba viwili havimnyimi mama watoto. Familia nyingi zimelea watoto wema katika chumba kimoja. Swali ni nani atalala wapi. Msichana anayekaribia kubalehe hawezi kulazwa chumba kimoja na kijana wa miaka 16 ambaye hajakua naye. Mzazi aliyekwisha kulifikiria jambo hilo, akaweza kumwonyesha mgeni pazia, kitanda na mpango wake, anaaminika kuliko yule aliyeazima sofa. Godoro la kuazima husema mengi. Mtoto akiulizwa analala wapi, atasema ukweli.

Afisa pia huangalia fedha, lakini si kwa kulinganisha mifuko. Anataka kujua kama kuna chakula, karo na sare, na zinatoka kwa nani. Mzazi mwenye pesa chache anaweza kukaa na mtoto, na mwenye pesa nyingi akaamriwa atoe matunzo. Kipato kidogo si kosa. Anachopima afisa ni kama mtoto anaweza kukitegemea kipato hicho mwezi baada ya mwezi.

Mtoto anaposikilizwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema kuwa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Sheria ya Kenya inalifuata hilo.

Kumsikiliza mtoto hakuna maana ya kumuuliza, “Unampenda nani zaidi, mama au baba?” Swali hilo ni mzigo usiobebwa na mtoto. Akimchagua mmoja atajiona amemsaliti mwingine. Ndiyo maana afisa huzungumza naye peke yake, kwa lugha anayoizoea, awe anasema Kiswahili, Kikhayo au Kiteso, na humuuliza kuhusu maisha ya kawaida. Jana alicheza na nani? Akiota ndoto mbaya humwita nani? Ni siku gani hupenda zaidi, na ni siku gani hataki ifike?

Mtoto aliyefundishwa la kusema hujulikana. Hutumia maneno ya watu wazima. Hurudia sentensi ileile hata akiulizwa jambo jingine. Hutazama mlangoni. Mzazi aliyemfundisha anakuwa amejiharibia mwenyewe, kwani miongoni mwa mambo yanayoangaliwa ni kama mzazi anamruhusu mtoto ampende mzazi mwenzake bila woga.

Katika mfano wetu, msichana anaulizwa angependa nini kibadilike. Hasemi anataka kwenda kwa mama, wala hasemi anataka kubaki kwa baba. Anasema anataka kumwona mama yake kila wiki, ila anaogopa kwamba akihama, yule mtoto mchanga atalia. Anampenda ndugu yake mdogo. Ndiye anayemvalisha kila Jumatatu na Alhamisi.

Mtoto huyo mchanga hakutajwa popote kwenye karatasi za kesi, si za mama wala za baba. Kwa mama alikuwa mtoto wa mwanamke mwingine. Kwa baba hakuwa sehemu ya ugomvi. Kwa msichana ni ndugu. Tathmini isingefanyika, hakimu angeamua bila kujua kuwa uamuzi wake ungewatenganisha ndugu hao wawili.

Baba wa kambo na mama wa kambo

Hadithi za kale zimempa mama wa kambo jina baya, na baba wa kambo hutazamwa kwa shaka popote aendapo. Afisa hapaswi kuingia nyumbani na shaka hiyo, wala hapaswi kuitupa kabisa. Anauliza yale anayomuuliza mtu yeyote anayeishi na mtoto. Je, amekubali kwa hiari yake kuwa mtoto huyu ni wa nyumbani? Anamwadhibu vipi anapokosea? Watoto wake mwenyewe na wale waliokuja wanakula meza moja na kwa kipimo kimoja? Amewahi kuhusika na vita au dhuluma? Mtoto humwita jina gani, na ni nani aliyechagua jina hilo?

Swali la jina huonekana dogo, kumbe linaeleza mengi. Mtoto aliyelazimishwa kumwita mtu “baba” wiki ya kwanza huwa na maumivu asiyoyasema. Mtoto aliyeachwa aanze na “mjomba” au jina lolote la heshima, kisha siku moja mwenyewe akabadili, amejengewa uhusiano taratibu.

Sheria pia inawatambua watu hawa katika suala la matunzo. Mahakama inaweza kuangalia kama mtu alimkubali mtoto wa mwenzake kuwa mtoto wa familia yake, na ikampa wajibu kulingana na hali ilivyo, bila kusahau wajibu wa mzazi aliyemzaa. Kwa hiyo mwanamume anayesema, “Huyu si wangu, mwulize babake,” baada ya miaka mingi ya kumlisha na kumwita mwanawe, ajue mahakama inaweza kumuuliza miaka hiyo ilikuwa ya nini.

Mila, ng'ombe na shamba

Kwa desturi ya Waluhya wengi, Bakhayo wakiwemo, mtoto ni wa ukoo wa baba, na mvulana hutarajia shamba kwa baba yake. Desturi hiyo imewalinda watoto wengi, kwani imewapa jina na mahali pa kurudi. Lakini inapofika kwenye ugomvi wa ulezi, husikika maneno haya: “Nililipa ng'ombe, watoto ni wangu.” Au kwa upande wa baba wa kambo: “Nikimlea huyu mvulana, kesho atadai shamba la wanangu.”

Mambo haya mawili yatenganishwe. Mahari haimnunui mtoto. Kifungu cha 2 cha Katiba kinasema sheria ya mila inayopingana na Katiba ni batili kwa kiasi cha upinzani huo, na Katiba imewapa wazazi wote wawili wajibu sawa. Tena, kuishi kwa mama hakumwondoi mtoto kwenye ukoo wa baba yake. Mvulana anaweza kulelewa na mama mjini Busia akabaki mtoto wa boma la Nambale, akahudhuria mazishi na sherehe za kwao, akajulikana na babu na nyanya zake. Wazee wanaoweza kuyatamka hayo mbele ya pande zote mbili huondoa hofu ambayo wakili hawezi kuiondoa.

Wazee wana nafasi yao kisheria pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaruhusu wenye ndoa ya kimila kupitia usuluhishi wa kijadi kabla mahakama haijaamua ombi la talaka, mradi usuluhishi huo usipingane na Katiba. Kikao cha wazee kikimsahau mtoto, hicho hakijakamilika. Na jambo la dhuluma dhidi ya mtoto si la kusuluhishwa chini ya mwembe. Hilo ni la polisi na mahakama.

Familia yenye miguu miwili mpakani

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa, pale waendesha baiskeli walipowavusha watu kati ya vituo viwili. Maisha ya watu wetu ni hivyo hivyo. Mtu ana shangazi Samia Bugwe, ana shamba Bukhayo, ana duka upande mmoja na analala upande wa pili. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, shughuli za kuvuka zimekuwa rahisi zaidi. Kwa mtu mzima, mpaka ni mwendo wa dakika chache.

Kwa kesi ya mtoto, mpaka una uzito. Amri ya mahakama ya Kenya haijitekelezi yenyewe Uganda. Afisa wa watoto wa Kenya hana mamlaka ya kuingia nyumba iliyo ng'ambo na kuikagua kama anavyokagua ya Nambale. Anahitaji ushirikiano wa mwenzake wa upande huo, ambaye ni afisa wa uangalizi na ustawi wa jamii wa wilaya. Hilo huchukua muda. Mzazi anayeishi Uganda anasaidia sana akitoa mapema mahali anapoishi, jina la shule iliyo karibu, na idhini ya nyumba yake kutembelewa. Asiogope kuwa anajianika. Uganda nayo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Kipimo kinachotumika ng'ambo kina mzizi mmoja na cha huku.

Lililo baya ni kumvusha mtoto kimyakimya kesi ikiendelea. Mzazi hudhani ameshinda kwa sababu mtoto yuko naye. Kumbe amemkatiza masomo, amemtenganisha na ndugu zake, na amemwonyesha hakimu kuwa hawezi kuaminiwa na makubaliano. Kabla ya kumvusha mtoto mwenye kesi, hata kwa likizo ya wiki moja, kuwe na idhini ya maandishi ya mzazi mwenzake au ruhusa ya mahakama.

Ripoti ikishaandikwa

Ripoti ni ushauri kwa mahakama. Haimfungi hakimu. Hakimu huisoma pamoja na ushahidi mwingine, na upande usioridhika unaweza kuipinga mahakamani kwa kueleza kilichokosewa au kilichoachwa. Kumfuata afisa nyumbani kwake, kumtisha au kumpelekea kitu si njia. Kitu hicho kitageuka kuwa kesi nyingine.

Katika mfano wetu, mapendekezo yanaweza kuwa hivi. Watoto wabaki Nambale mpaka muhula uishe, wasihamishwe katikati ya masomo. Mama awaone kila wikendi, na likizo zigawanywe. Baba atafute mtu wa kusaidia asubuhi za soko, ili msichana afike shule kwa wakati. Mama na mume wake wapange malazi, na nyumba yao itembelewe kwa msaada wa ofisi ya upande huo. Baada ya miezi kadhaa mambo yaangaliwe upya, kwa kuwa mtoto wa miaka 11 leo si yule wa mwaka ujao. Na ndugu mdogo aandikwe ndani ya ripoti, ili kokote watoto wanakokaa, waweze kuonana.

Hakimu anaweza kukubali yote, baadhi, au kuamua vingine. Lakini ataamua akiijua nyumba.

Jambo moja zaidi. Habari za mtoto aliye kwenye kesi ni siri yake. Picha yake, jina lake na yaliyosemwa kwenye ripoti hayapelekwi kwenye kikundi cha simu cha ukoo, hata kwa nia ya kujitetea. Mtoto huyo kesho atakaa darasani na watoto wa watu waliosoma.

Kabla na baada ya kesi

Si kila ugomvi unahitaji hakimu. Wazazi wanaweza kukaa mbele ya afisa wa watoto na kuandikiana makubaliano ya wajibu wa wazazi: nani analipa nini, mtoto analala wapi siku zipi, na nani anajulishwa mtoto akiugua. Kwenye familia iliyoungana upya, ni busara wenzi wapya wahudhurie au angalau wajue kilichokubaliwa, kwa sababu wao ndio watakaokitekeleza kila asubuhi. Mahakama nayo inaweza kuipeleka kesi kwa upatanishi kabla ya kuisikiliza.

Mzazi anayengoja ziara ya afisa atayarishe vitu hivi: hati za kuzaliwa za watoto, kijitabu cha kliniki, ripoti za shule, risiti au rekodi za simu za pesa alizotuma, na majina ya watu wote wanaolala katika nyumba hiyo. Asitayarishe hotuba. Asimtayarishie mtoto majibu. Amwambie tu kwamba kuna mtu anakuja kuzungumza naye, kwamba anaweza kusema ukweli, na kwamba hakuna atakayemkasirikia.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie katika Mahakama ya Busia kuhusu msaada wa kisheria unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Mtoto akiwa hatarini, simu ya bure ni 116, usiku na mchana. Nambari hiyo hiyo ya 116 inatumika Uganda kwa watoto wa upande huo. Mtu mzima anayedhulumiwa nyumbani apige 1195, ambayo pia ni bure.

Wakaazi wanaotaka maelezo zaidi wafike ofisi ya watoto katika kaunti ndogo yao, Nambale, Matayos au Teso Kaskazini, au wamuulize chifu wa lokesheni awaelekeze. Waende na maswali yao mapema, kabla ugomvi haujawa kesi.